Mwanzi Ulionilisha

Kazi yangu Kyoto ilikuwa kupiga shakuhachi, filimbi ya Kijapani ya mwanzi, na kuwafundisha wengine kuipiga. Ya kwanza ilinipa jina kidogo. Ya pili ndiyo iliyonilisha.

Niliingia katika fani hii kijana, rika langu likikimbilia gitaa. Mwaka 1967 Katsuya Yokoyama alikuwa amepiga shakuhachi huko New York katika utunzi wa Toru Takemitsu, November Steps, filimbi ya kale ikiwa bega kwa bega na okestra nzima. Nikaona ala hii bado ina la kusema, nikaenda kutafuta mwalimu.

Shakuhachi ya kawaida ni kipande cha mwanzi kilichokatwa penye mizizi, urefu wake kama sentimita 54, chenye matundu manne mbele na moja nyuma. Juu kuna ukingo uliochongwa mshazari, basi. Anayeanza hupuliza mpaka kizunguzungu kimshike, na kinachotoka ni upepo mtupu. Mwalimu aliniweka kwenye ro, sauti ya chini ambayo matundu yote huzibwa, na kila asubuhi niliianza siku kwa hiyo. Hakuwa mtu wa maelezo. Tulikaa tumeelekeana, yeye akapiga, nami nikamfuata. Nilipoteleza alirudia kipande kilekile, macho yake kwenye noti.

Nilipoanza kupokea wanafunzi wangu nilishika njia hiyohiyo. Walikuja jioni wakitoka kazini: karani, muuguzi, mzee mstaafu. Ada zao ndizo zilizolipa kodi ya nyumba, kwa maana malipo ya onyesho moja huisha kabla ya onyesho jingine kupatikana. Wapo wenzangu walioona haya kuitwa walimu. Mimi sikuona haya, kwa sababu naijua historia yetu. Zamani shakuhachi ilikuwa ibada ya watawa wa Fuke, madhehebu ya Kibudha, waliozunguka wakiomba sadaka, vichwa vyao vimefunikwa kwa vikapu. Mwaka 1871 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji iliyapiga marufuku madhehebu yao. Hekalu halikuweza tena kuulinda muziki huu. Ulinusurika kwa sababu wapigaji waliwafundisha watu wa kawaida, wakapiga pamoja na ala za nyuzi, koto na shamisen, ada ikashika nafasi ya sadaka.

Kuanzia 2002 shule za kati za Japani zilitakiwa kuwapa wanafunzi nafasi ya kujifunza ala ya jadi. Nami nikaitwa madarasani, nikiwa na filimbi za plastiki, maana ya mwanzi iliyotengenezwa na fundi ni ghali mno kwa mtoto. Wengi walipuliza wakicheka, na kengele ilipolia wakaondoka. Wachache walibaki kuuliza wapi wanaweza kuendelea.

Kwa hao wachache, na kwako msomaji ukivutiwa, neno langu ni moja: tafuta mwalimu kwanza, ndipo ununue filimbi.