Vijitabu vya Siasa

Wapo wanaokusanya stempu, na wapo wanaokusanya sarafu za Mjerumani. Mimi hukusanya vijitabu vya siasa: vile vyembamba, vya karatasi duni, vilivyogawiwa matawini enzi za TANU. Hapa Kibaoni wameniita Bwana Makaratasi, nami sikasiriki.

Ninacho cha Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Ninacho cha Elimu ya Kujitegemea na cha Ujamaa Vijijini, vyote vya mwaka huohuo; cha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971; na cha Siasa ni Kilimo, azimio la mwaka 1972. Vilichapwa kwa wingi, na pengine hiyo ndiyo sababu leo ni adimu: kitu kilichojaa kila nyumba hakuna anayekitunza. Baadhi nimevinunua kwa wauza karanga, vikingoja kuchanwa. Vilivyosalia majumbani humaliziwa na mchwa na unyevu wa bonde hili, maana Kilombero ikijaa hata ukuta hutoa jasho.

Nilipata moyo niliposoma habari za George Thomason, muuza vitabu wa London. Mwaka 1640, ugomvi wa mfalme na Bunge ulipokuwa ukipamba moto, alianza kuweka kila kijitabu alichoweza kukipata: vya upande wa mfalme, vya Bunge, na vya uasi wa Ireland wa mwaka 1641, ambavyo baadhi vilijaa uzushi wa kutisha. Hakuacha hadi mwaka 1661, akiwa na machapisho yapatayo 22,000, ambayo leo yamo katika maktaba ya taifa huko London. Lililonigusa zaidi ni jambo dogo: juu ya vingi aliandika kwa mkono tarehe aliyovipata. Kwa tarehe hizo twajua lipi lilisemwa kwanza, na nani alikuwa akimjibu nani.

Nami nafanya vivyo hivyo, kwani vijitabu vyetu navyo vilijibizana. Mwongozo, katika ibara ya 15, ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau. Wafanyakazi viwandani wakausoma, wakaushika mkononi, wakagoma. Ujamaa Vijijini nao ulisisitiza hiari, kwamba watu washawishiwe wala wasilazimishwe. Mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Asiyekuwa na kijitabu cha mwaka 1967 ataipimaje amri ya mwaka 1973?

Kuna bibi mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa balozi wa nyumba kumi. Vijitabu vya mzee huyo alivitoa sandukuni akaviweka jikoni, viwe vya kuwashia moto. Nilipoviomba, alinitazama kitambo.

"Mwanangu, makaratasi haya ndiyo yaliyotuhamisha. Tuliacha mpunga shambani haujavunwa, na miembe ya baba mkwe."

"Bibi, haya hayakusema mhamishwe," nikamjibu. "Yalisema mtake wenyewe. Yakiungua, nani atajua kwamba mliahidiwa hivyo?"

Alivikung'uta majivu kwa upande wa khanga yake, kimoja kimoja, akanipa.

"Basi chukua. Lakini na sisi utuandike humo."

Nikaandika mbele yake, ndani ya jalada, tarehe ya siku ile, kisha mpunga na miembe, kama alivyosema. Akaniomba nimsomee. Nilipomaliza, alisema nimesahau kuandika kwamba mvua ilikuwa ikinyesha. Nikaongeza.

Vijana hunijia siku hizi kuniuliza kama siasa ile ilikuwa njema au mbaya. Mimi sina haraka ya kuwajibu. Huwapa kijitabu kile wasome kilichopigwa chapa, kisha wasome kilichoandikwa kwa mkono. Wengi hufika kwenye mvua wakanyamaza, halafu huuliza kama wanaweza kuja tena.