Goma: mpiga picha wa zamani arudia kamera, safari hii bila filamu

Kwa muda wa miaka 11, mzee mmoja wa mtaa wa Majengo mjini Goma hakugusa kamera. Alikuwa anauza makaa. Majirani waliohamia mtaani baada ya mwaka 2008 walimjua kama papa wa makaa tu, na hakuna aliyejua kwamba picha za ndoa na ubatizo zilizotundikwa kwenye kuta za nyumba nyingi za Birere zilitoka mikononi mwake.

Kazi aliianza mwaka 1986, akiwa kijana, katika studio ya mjomba wake. Wakati ule mpiga picha alikuwa mtu wa kuhesabu. Filamu moja ilikuwa na picha 36, wakati mwingine 24, na kila picha ilikuwa na bei yake hata kabla ya kupigwa. Katika ndoa nzima alikuwa anapiga picha 20 au 25, akibakiza chache kwa mteja wa kesho. Mtu akifumba macho, imekwisha. Mteja alilipa nusu mbele, akasubiri wiki, na siku ya kuchukua picha ndipo ugomvi ulianza: huyu amekatwa kichwa, yule hakuonekana, bibi arusi amekuwa mweusi kuliko alivyo.

Lakini kulikuwa na chumba cha giza, na hapo ndipo moyo wake ulikuwa. Filamu ya nyeusi na nyeupe inafunguliwa katika giza kabisa, hata taa nyekundu haitakiwi, kwa hiyo mkono ndio unaona. Kisha dawa ya kwanza, maji, dawa ya pili ya kushikilia picha isiendelee kubadilika, na maji tena kwa muda mrefu. Taa nyekundu inakuja baadaye, wakati wa karatasi. Karatasi nyeupe inalala ndani ya dawa na polepole uso wa mtu unatokea. Mzee anasema alifanya hivyo mara maelfu na hakuchoka hata siku moja. Filamu za rangi zilipoenea, mambo yakabadilika, kwa sababu dawa zake zinataka joto la nyuzi 38 bila kupanda wala kushuka, na hilo ni jambo la mashini. Studio nyingi zikawa zinapeleka filamu kwenye labo na kurudi na bahasha. Mpiga picha akabaki mtu wa kubonyeza na kubeba.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilishuka mjini. Moto wa mawe ulipita katikati ya mji mpaka ziwani Kivu, ukafunika na sehemu ya uwanja wa ndege. Studio ya mjomba ilikuwa kwenye njia yake. Mzee aliweza kutoka na watoto wake, godoro moja na kamera iliyokuwa shingoni. Masanduku matatu ya negativu yalibaki ndani. Zilikuwa picha za miaka 15, kila filamu ndani ya bahasha yake, na juu ya bahasha jina la mteja, tarehe na nambari.

Mtu ambaye hakufanya kazi hiyo anaweza kudhani hasara ilikuwa karatasi. Negativu ndiyo picha yenyewe. Karatasi ikipotea, unarudi studio, wanakutolea nyingine. Jean Depara, aliyepiga picha za wanamuziki na vijana wa Kinshasa katika miaka ya 1950 na 1960, alifariki mwaka 1997, na mpaka leo watu wanaziangalia kazi zake kwa sababu negativu zilibaki. Za Goma zililala chini ya mawe. Familia ambazo nazo zilipoteza nyumba siku ile zilikuja kumtafuta kwa miezi mingi zikiamini kwamba yeye anazo. Hakuwa nazo. Anasema jambo hilo lilimchosha kuliko njaa ya mwaka ule.

Aliendelea miaka michache kwa filamu za rangi. Kisha labo zikaanza kufunga, bei ya filamu ikapanda, na simu zenye kamera zikaingia. Mwaka 2008 aliifunga kamera ndani ya kitambaa, akaiweka juu ya kabati.

Inafaa kukumbuka kwamba kamera ya dijitali si jambo la juzi. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1975 ndani ya kampuni ya Kodak, na mhandisi Steven Sasson. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja ya nyeusi na nyeupe kwenye mkanda wa kaseti. Kampuni hiyo hiyo iliyouzia dunia filamu iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni mwezi Januari 2012. Kwa hiyo mabadiliko yaliyomfunga mzee wa Majengo yalikuwa yamefunga milango mikubwa zaidi.

Aliyemrudisha ni binti yake. Mwaka 2019 zamu yake ya kupokea pesa za likelemba ilifika, akanunua kamera ya dijitali iliyokwisha kutumika, akampa baba yake. Mzee hakufurahi. Aliiona kama mchezo wa watoto, kitu chepesi kisicho na sauti. Wiki ya kwanza aliendelea kuhesabu: picha tatu, anazima, anaiweka mfukoni. Binti alimwambia, "Papa, hapa hakuna filamu. Piga tu, mbaya utafuta." Neno hilo "utafuta" lilimsumbua, kwa sababu mtu aliyepoteza masanduku matatu hapendi kusikia kufuta.

Kilichombadilisha ni kioo kidogo cha nyuma. Alimpiga jirani, mwanamke mzee anayeuza sombe, kisha akamgeuzia kamera aone. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. "Futa ile, papa! Miye ni muzee hivi?" Akaifuta. Akapiga nyingine, na nyingine, mpaka mama akasema hii ndiyo. Katika miaka yake yote ya filamu hakuwahi kuwa pamoja na mteja wakati picha inatokea. Uso ulitokea kwenye dawa, yeye peke yake gizani, na mwenye uso alikuja wiki nzima baadaye akiwa na hasira. Sasa walikuwa wawili. Jioni ile alipiga picha zaidi ya mia moja mtaani bila mtu kumlipa, na makaa yakauzwa na mke wake.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena. Safari hii moto ulisimama kwenye ukingo wa mji, lakini matetemeko yaliendelea, na tarehe 27 serikali ya mkoa ikaamuru sehemu kubwa ya mji kuhama. Watu walijaa barabara ya Sake, wengine wakapanda mashua, wengine wakavuka kwenda Gisenyi. Mzee alikwenda Sake kwa mguu. Picha zake zote za miaka miwili zilikuwa kwenye diski ndogo ndani ya mfuko wa shati, amefunga kifungo. Nakala nyingine ilikuwa kwa binti yake, ambaye alipita njia tofauti. Hayo walikuwa wamepanga. Bahasha zake za zamani zilikuwa zimerudi kwa umbo jingine: folda kwa folda, tarehe, mahali, jina la mwenye picha. Vijana wengi wenye kamera nzuri kuliko yake hawafanyi hivyo, na simu ikiibiwa wanalia.

Mwishoni mwa mwaka 2022 wahami wa vita kutoka Rutshuru na Nyiragongo walijaa Kanyaruchinya. Mzee alianza kwenda huko, baadaye Bulengo pia, kila baada ya siku chache. Alikwenda kutafuta pesa, na hakuna haja ya kupamba jambo hilo, kwa sababu picha ya karatasi ilikuwa franka elfu moja na wengi walitaka. Walikuwa wametoka nyumbani na sufuria na watoto. Albamu hazikubebwa.

Kule alikuta jambo ambalo watu wa mashirika hawalisikii vizuri. Wahami hawakuwa wageni wa kamera. Walipigwa picha mara nyingi, wakiwa kwenye foleni ya maji, wakiwa wamelala, wakiwa wanalia, na hawakuwahi kuona hata moja. "Wanatupiga, wanakwenda na sisi," mwanamke mmoja alimwambia. Ndiyo maana, mzee alipogeuza kioo kuwaonyesha, foleni ilikuwa ndefu kuliko ya jetoni. Walitaka picha ya mwili mzima, wamesimama, viatu vionekane. Walitaka turubai isionekane. Akawa anabeba kitenge cha mke wake na kamba, anakitundika kati ya vibanda viwili. Shati jeupe moja lilizunguka kwa wanaume kumi na zaidi katika siku moja, na ukiziangalia picha hizo leo unaliona, lile lile, lenye kifungo cha juu kilichokosekana.

Karatasi alizitoa mjini, akirudi usiku, umeme ukiwapo. Nyuma ya kila picha aliandika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu unapenya: jina, tarehe, na nambari ya folda. Wengine walimcheka kwa nambari hizo.

Mwisho wa Januari 2025 vita vilifika ndani ya Goma, na mwezi uliofuata kambi nyingi zilivunjwa. Watu waliondoka kwa haraka, wengine kuelekea vijiji vyao, wengine kwa ndugu mjini. Katika siku hizo mama mmoja kutoka upande wa Rutshuru alifika Majengo, akiuliza nyumba kwa nyumba. "Papa, niko natafuta picha ya mutoto yangu." Mtoto wake wa miaka sita alikufa kwa kipindupindu kambini mwaka 2023. Picha ya karatasi aliyokuwa nayo iliungua pamoja na vitu vya kibanda. Hakuwa na picha nyingine, na jina lililoandikwa lilikuwa la shangazi aliyelipa, ambalo mzee hakulikumbuka. Nambari iliungua na karatasi.

Mzee hakumuuliza tarehe, kwa sababu kambini tarehe zinapotea. Alimuuliza: mvua ilikuwa inanyesha miezi ile? Kitenge cha nyuma kilikuwa rangi gani? Mtoto alivaa nini? Kitenge kilikuwa cha njano. Cha njano kilianza kutumika baada ya kile cha bluu kupasuka, basi folda zote za mwanzo zikawekwa pembeni. Walikaa mbele ya kompyuta mpaka betri ikaisha, wakasubiri umeme mpaka saa tatu usiku, wakaanza tena. Mtoto alipatikana kwanza kwenye picha ya familia nyingine, pembeni, akichungulia, nusu ya uso. Mama alimtambua kwa sikio. Baada ya picha nane ndipo alikuwapo mzima, amesimama, mikono imeshikamana mbele, shati jeupe likimfika magotini.

Zilitoka karatasi mbili. Moja ilifungwa ndani ya plastiki ya mkate. Mama alitaka kulipa kwa maharagwe aliyokuwa nayo, mke wa mzee akayapokea kidogo ili asimwaibishe, akampa makaa ya njiani.

Tangu siku hizo wengine wamekuja, si wengi. Kwao mzee anarudia maneno yale yale: picha ikifutwa kwenye kadi kwa bahati mbaya, acha kupiga nyingine juu yake, toa kadi, ipeleke kwa fundi, kwa sababu mara nyingi bado imo mpaka ifunikwe na mpya. Na picha ya mtu unayempenda usiiache kwenye simu moja.

Anafundisha vijana wawili sasa. Kamera ni ya dijitali, yenye nafasi ya picha maelfu, lakini amewawekea sheria: kwa siku, 36. Wiki iliyopita mmoja wao alizimaliza kabla ya saa nne asubuhi, kwenye ubatizo, padri akiwa hajafika. Akaambiwa akae kwenye benchi, aangalie wenzake mpaka jioni.