Mkopo wa Kalamu na Mkaa wa Mhunzi

Sisi wana wa Kamuli tunaofundisha vyuo vikuu, tukirudi likizo tuna kazi mbili: kula ndizi za nyumbani na kujibu maswali ya wazazi kuhusu mikopo. Mwaka huu swali limekuja na mkia. Ikiwa akili mnemba inaandika insha na ripoti, kwa nini tuuze kahawa ili mtoto akasomee shahada?

Wana haki ya kuuliza. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, imewafikisha chuoni vijana wengi ambao kahawa peke yake isingewafikisha. Lakini mkopo ni deni, na anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka liishe. Nasi tunaosahihisha kazi zao tunajua deni hilo limenunua nini. Zamani tulimtambua mwanafunzi hata kwa makosa yake. Siku hizi rundo zima la insha linakuja limenyooka, sauti moja, kana kwamba wote wamelelewa na shangazi mmoja.

Hatuichukii mashine hiyo, nasi tunaitumia. Ila inajua yaliyoandikwa, na katika nchi hii ya Karagwe mengi hayakuandikwa. Stanley alipofika kwa Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina yenye kazi za mafundi wa chuma na shaba. Jirani zetu Wahaya walikuwa wakiyeyusha chuma tangu karne nyingi, wakipuliza hewa kwa mivukuto kupitia mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani ya tanuri. Chuma cha madukani kikaja, kazi ikaachwa. Mwaka 1976 wazee waliokuwa bado wanaikumbuka walijenga tanuri upya wakiwa na mtafiti Mmarekani, Peter Schmidt. Walilazimika kujaribu tena na tena, maana kukumbuka maneno si sawa na mikono kukumbuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Kama wazee wale wangekuwa wamekwisha kufa, jarida lingechapisha nini?

Hapa kwetu yupo mzee mmoja anayefua omuhoro, mundu wa kupogolea migomba, kwa springi za magari mabovu. Tulimuuliza anajuaje chuma kimefikia wakati wa kutiwa majini. Kisha tukaiuliza simu. Simu ikajibu vizuri kabisa, kwa nyuzi joto. Mzee akasikiliza kwa adabu, akasema, "Walimu, hiyo simu imewahi kuungua?" Akatuonyesha kwa nini banda lake lina giza: juani rangi ya chuma haisomeki. Yeye husoma rangi. Alijifunza kwa baba yake, miaka mingi ya kuvuta mivukuto kabla hajaruhusiwa kushika nyundo. Mwanawe anaendesha bodaboda, na hatuwezi kumlaumu, maana bodaboda inalipa leo jioni.

Tuliandika ombi la fedha ili wanafunzi wetu wakae naye miezi mitatu. Mfuko mmoja ukajibu kwamba mradi hauna teknolojia mpya. Tungeomba kompyuta za kuchambua picha za mzee huyo huyo, huenda tungepata. Hapo ndipo tunapoona mambo yamepinda: fedha za vyuo zinafuata kile ambacho mashine imeanza kukifanya kwa bei ya kifurushi cha intaneti, na kazi inayohitaji mwili wa mtu kando ya moto inaachwa ijitegemee. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, nasi tunaupokea kwa furaha. Lakini mwalimu wa amali hatatoka kwenye kitabu, na mzee huyu hana cheti cha kumwezesha kuajiriwa na shule yoyote.

Kwa hiyo wazazi tumewajibu hivi: mpelekeni mtoto chuoni, lakini msimtoe mkononi mwa fundi kabla hajaenda. Mzee amekubali vijana wawili likizo ya Desemba. Hataki ada, anataka wale kwao na waje alfajiri. Sisi tumechanga fedha za mkaa. Magunia sita yalitosha kwa hesabu yetu, yeye anasema kumi, na bei inapanda kila wiki, kwa hiyo bado tunachanga.