Mzigo Unashuka

Siku nilipompelekea Mjomba gari pale Sangasanga, njia panda ya kwenda Mgeta, hakuuliza bei wala mwaka lililotengenezwa. Alilizunguka mara moja, akapiga teke tairi la nyuma, akaniambia nifungue boneti. Akainama. Akakaa kimya muda mrefu hadi muuza mahindi ya kuchoma akasogea kuona kulikoni. Kisha Mjomba akanyoosha mgongo.

"Nyingine iko wapi?"

"Nyingine nini, Mjomba?"

"Injini. Mimi naona nusu."

Muuza mahindi alicheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nilicheka, ila changu kilikuwa kicheko cha kuficha aibu, maana ndani ya hiyo nusu kulikuwa na akiba yangu yote ya miaka tisa.

Najua mnaofuata maandishi yangu hapa mmezoea nizungumze riwaya na tamthilia. Leo nivumilieni. Leo ni habari ya pikapu.

Mwaka 2023 gazeti nililokuwa nafanyia kazi lilipunguza watu, na mimi nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Nikarudi kwa mama, Changarawe, kijiji kilichopakana na Chuo Kikuu Mzumbe. Mama alifanya kazi hapo chuoni tangu pakiitwa IDM, akastaafu pakiwa chuo kikuu. Nilirudi na begi mbili, kompyuta mpakato, na malipo yangu ya kuachishwa. Wiki hiyohiyo Mjomba akashuka kutoka Nyandira na habari kwamba chesisi ya Land Cruiser yake imepasuka kwa mara ya tatu, na fundi amekataa kuichomelea tena.

Kwa asiyejua: sisi Waluguru ardhi ya ukoo inapita kwa mama. Shamba la karoti, njegere na kabichi analolima Mjomba kule juu si lake kwa maana ya kuwaachia watoto wake. Ni la ukoo wa bibi, na kwa mila ni letu sisi, watoto wa dada yake. Kwa hiyo nilipotia pesa yangu kwenye gari la kubebea mazao ya shamba lile sikuwa nafanya hisani. Nilikuwa natunza changu. Nililielewa hivyo, na nilijiona mwerevu.

Mjomba alitaka Land Cruiser nyingine, pikapu kama ileile, yenye injini anayoiita kwa jina lake kamili kama mtu anayemtaja padri wake: Wani-Echi-Zedi. Ni injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, haina tabo, haina kompyuta. Toyota wamekuwa wakiiunda tangu mwaka 1990, na ukisimama barabara kuu ya Iringa nusu saa utaisikia kabla ya kuiona. Mimi nilitaka Hilux ya lita 2.4, silinda nne, yenye tabo. Sababu ya kwanza ilikuwa bei. Land Cruiser iliyotumika haishuki thamani, wenye nazo wanaziuza kama viwanja. Sababu ya pili ilikuwa ule ugonjwa wetu waandishi: nilikuwa nimesoma.

Nikaandaa jedwali. Yaani kweli, nililichapa kabisa kwenye stationery moja ya wanafunzi. Ile kubwa inatoa nguvu farasi 130 hivi na torki ya Nm 285. Hii ndogo inatoa nguvu farasi 150, na torki yake inaanzia Nm 343 kwenye toleo la chini. Nikamweleza tabo inavyofanya kazi: moshi wa injini hautoki bure, unazungusha feni ndogo inayokwenda zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika, na feni hiyo upande wa pili inashindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi inaungua vizuri, na silinda ndogo inafanya kazi ya kubwa. Kisha nikatoa turufu yangu. Nyandira iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kule shinikizo la hewa limepungua kwa kama moja ya sita. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo tu, kwa hiyo kila unavyopanda inakonda. Yenye tabo inajisukumia.

Nikamalizia kwamba Toyota wenyewe wamekubali: Agosti mwaka uleule walionyesha Land Cruiser za familia ya 70, zile zile za mkonga, zikiwa na injini ya lita 2.8, silinda nne, yenye tabo. Nguvu farasi 204, torki ya Nm 500. Injini imepungua lita 1.4, nguvu imeongezeka kwa zaidi ya nusu.

Mjomba alisikiliza yote huku akichambua dagaa. Mama alikuwa ananitazama kwa fahari, kama siku ya mahafali.

"Hizo namba," akauliza, "wamepima gari ikipanda au ikishuka?"

Nikajibu kitu kuhusu maabara. Nilidhani hajaelewa.

Kupanda, nisiseme uongo, gari lile lilikuwa raha. Safari ya kwanza tulibeba mbolea, mifuko ya saruji na kinamama wanne waliotoka mjini, na kwenye vile vilima vya kwenda Langali, ambako Land Cruiser ya zamani ilikuwa inabaki gia ya pili ikilalamika kama mzee anayeamshwa usiku, hii ilipanda kwa gia ya tatu. Tukalipita Fuso. Mjomba hakusema kitu lakini alishusha kioo, akatoa kiwiko nje. Anayemfahamu anajua hiyo ina maana gani.

Kesho yake alfajiri tukapakia. Magunia kumi ya karoti, na ninaposema gunia nina maana ya lumbesa, lile lenye kofia ya kamba na majani juu, ambalo kila serikali inalipiga marufuku na kila mnunuzi anaendelea kulidai. Mjomba akashika usukani, mimi katikati, binamu yangu, kijana wake wa mwisho, dirishani. Kwenye mteremko mrefu wa kwanza akaweka gia ya pili kama alivyofanya miaka ishirini, akatoa mguu kwenye mafuta, akasubiri injini ilishike gari.

Gari likaendelea kwenda.

Halikukimbia ovyo, sitaki kutia chumvi. Liliongeza mwendo kidogo kidogo, kwa adabu, kama mtoto anayekupokonya mkono sokoni. Mjomba akakanyaga breki, likapungua. Akaachia, likaongeza. Kona ya tatu nikaanza kusikia harufu, ile ya kitu kama plastiki na nywele vikiungua pamoja. Binamu yangu akanitazama. Kona ya tano niliona mguu wa Mjomba ukishuka chini zaidi kuliko mwanzo, na upande wangu wa kushoto kulikuwa na bonde lenye migomba ambayo niliiona kwa juu, vilele tu.

Alitafuta gia ya kwanza. Iligoma, ikagoma tena, ikaingia na kelele. Akaegemeza gari kwenye ukingo wa mlima mpaka kioo cha pembeni kikavunjika kwenye udongo, tukasimama. Binamu akaruka na jiwe, akaliweka chini ya tairi. Hakuna aliyeongea. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi mwembamba, na ndege wale wa asubuhi wa Uluguru wanaendelea na mambo yao.

Tulikaa pale karibu saa nzima breki zipoe. Ndipo Mjomba akasema, bila ukali, akiwa amechuchumaa:

"Mzigo unashuka, mwanangu. Haupandi."

Baadaye nilisoma upya, safari hii nikijua cha kutafuta. Dizeli inajishika kwenye mteremko kwa sababu pistoni zinaendelea kushindilia hewa na kuburuza uzito wao bila kupewa mafuta. Kadiri injini ilivyo kubwa, ndivyo inavyokuwa na kitu kingi cha kuburuza. Tabo kwenye mteremko haikusaidii. Hakuna moshi wa moto wa kuizungusha. Kwa hiyo ile ndogo inapanda kama kubwa, lakini ikishuka inarudi kuwa lita 2.4 zake. Jedwali langu lilikuwa sahihi kila mstari. Lilikuwa tu la safari ya kwenda, na fedha ya Mgeta yote iko kwenye safari ya kurudi.

Hapo ilinijia kisa ambacho kila mzee wa milima hii anacho, cha matuta ya miaka ya hamsini. Wakoloni walikuja na mpango wao wa kuhifadhi udongo, wakalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi, na mwaka 1955 kule Matombo ikalipuka ghasia. Wataalamu wale nao walikuwa na hesabu zao. Kuna mahali tuta lilifukia udongo mzuri na kuleta juu ule mfu, na wakulima walikuwa wamesema. Sijilinganishi na serikali ya kikoloni, jamani. Ila nilijiuliza ni mara ngapi nimeandika makala kuhusu wakulima "wasiotaka mabadiliko".

Basi tukabadilisha tulichoweza. Magunia yakawa saba. Gia ya kwanza tangu juu ya mteremko, si katikati. Vituo viwili vya kupoza breki. Mjomba ana daftari la shule, la kurasa 96, ambamo huandika kila safari, na nakiri ni nathari bora niliyoisoma mwaka ule: "Lita 14. Mvua. Magunia 7. Breki safi." "Lita 15. Tope. Magunia 7. Mama wa kujifungua, hakulipa, sawa." Land Cruiser ilikuwa inakula lita 22 kwa safari hiyohiyo. Tukapiga hesabu siku moja mezani kwa mama: lita nane tunazookoa, kwa bei ya dizeli ya wakati ule iliyozidi shilingi 3,000, na nauli ya magunia matatu tusiyobeba tena, shilingi 8,000 kila moja. Elfu ishirini na nne huku, elfu ishirini na nne na kitu kule. Mama alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha ikaja habari ya mafuta. Ile injini ya zamani ilikuwa inakunywa chochote, hata dizeli ya madumu ya kando ya barabara. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikaendelea. Hii mpya inapuliza dizeli kwa msukumo unaozidi baa 2,000 kupitia vitundu ambavyo kwa macho huvioni. Uchakachuaji tunaujua wote. Ndiyo sababu mwaka 2010 mafuta yakaanza kuwekwa vinasaba, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili isilipe tena kuyachanganya na dizeli. Umepungua, haujaisha, na maji kwenye dumu hayahitaji mchakachuaji. Dumu moja tu, siku ambayo sheli hazikuwa na mafuta, likaua injekta mbili. Bei sitaitaja, inaniuma bado.

Tulikaa gereji moja ya Msamvu siku nzima tukisubiri fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Nilikuwa nimejiandaa kusimangwa. Nilisema mwenyewe, kumtangulia: "Mjomba, ungenilazimisha tununue ile yako."

Alikuwa anamtazama binamu yangu, aliyeinama ndani ya boneti pamoja na vijana wa gereji, akiuliza maswali.

"Unajua kwa nini niliitaka?" akasema. "Ile injini inafika miaka arobaini. Ningeiacha ikitembea." Akanyamaza kidogo. "Shamba ni lenu. Nyumba iko kwenye shamba. Huyu nitamwachia nini? Nilisema, nitamwachia gari."

Sikuwa na la kusema. Mwaka mzima nilikuwa nabishana naye habari za torki, na yeye alikuwa anazungumza urithi. Aliuza Land Cruiser yake kwa ajili ya nusu ya pesa ya gari hili (aliyeinunua alitaka injini tu, bodi akaiacha palepale) na kwenye kadi ya gari liko jina langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda Dar kulinunua na nilikuwa na haraka.

Nikamwambia tubadilishe kadi, tuandike jina la binamu. Alitikisa kichwa, si kukataa wala kukubali.

"Kwanza ajue kushuka nalo," akasema.

Mwezi uliopita nilipanda nao tena. Binamu ndiye aliyeshika usukani, Mjomba dirishani, mimi katikati kama kawaida. Tulipofika juu, kinamama wakashuka, na kijana akataka kuzima gari. Mjomba akamshika mkono: aliache lingurume kwanza dakika mbili, tabo ipoe, oili izunguke. Kitu hicho mimi sikukiandika kwenye jedwali, na sijui alikitoa wapi. Asubuhi tukapakia magunia saba. Mwenye karoti alikuwa na la nane, anabembeleza, anaongeza pesa. Binamu alimtazama baba yake. Mjomba alikuwa anaangalia pembeni, anachokonoa meno.

"Saba, mama," binamu akasema. "La nane kesho."

Akaingia ndani, akaweka gia ya kwanza tukiwa bado kwenye tambarare.