Madumu Sita

Anayenunua mtumbwi mkuukuu katika mwalo wa Musoma hanunui chombo, hununua kazi. Mbao zimekauka na kuachana, misumari imeota kutu, na tajiri aliyeuuza hachoki kukuapia kwamba ulikuwa ukipaa juu ya maji kama yangeyange. Tuliununua mmoja wa namna hiyo, mimi na shemeji yangu, mjane wa marehemu kaka yangu, kwa ajili ya wanawe wawili waliochoka kuwa vibarua katika mitumbwi ya watu. Urefu wake ulikuwa futi ishirini na nne, umechongoka pande zote mbili, wa kupigwa kasia. Vijana walitaka ufungwe mashine. Shemeji hakutaka kusikia neno mashine.

Sababu yake haikuhitaji kuulizwa. Kaka alikwenda ziwani usiku mmoja wa upepo na hakurudi, na mtumbwi wake ulikutwa umepinduka. Shemeji ni mtu wa Butiama, Mzanaki, na Wazanaki ni watu wa vilima na mashamba. Ziwa alilijua baada ya kuolewa. Tangu msiba ule anauza dagaa katika soko la Bunda, na ni dagaa hao waliowasomesha watoto. Ndipo ulipo ugumu wa maisha yetu huku Mara: ziwa lilimchukulia mume, na ziwa hilohilo ndilo linalomlisha.

Aliniambia, "Shemeji, mimi fedha nitatoa. Lakini hicho chombo kikipinduka, wanangu washike nini?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililotengeneza mtumbwi wetu, wala si fundi wala mimi.

Watu hudhani kubadili chombo ili kifae kazi ya mahali ni mambo ya kisasa. Stanley alipofika Unguja mwaka 1874 na boti yake Lady Alice, iliyoundwa Uingereza kwa vipande vya kufungwa na kufunguliwa, vipande vile vilionekana vizito mno kwa wapagazi. Ikabidi seremala avikate upya viwe vidogo zaidi. Ndivyo ilivyobebwa mabegani mwa watu hadi ziwani, na Machi 1875 ikashushwa majini upande wa kusini, ikapita Ghuba ya Speke na kupandisha kwenye pwani yetu hii ya mashariki. Kitabuni anasifiwa mwenye boti. Mimi huwafikiria zaidi wapagazi, na seremala yule mwenye msumeno.

Sisi nasi tulianza kwa msumeno. Mtumbwi uliochongoka nyuma hauna mahali pa kupachika mashine, kwa hiyo fundi aliukata sehemu ya nyuma na kuweka ubao uliosimama wima. (Watu wa pwani wana maneno yao matamu, omo na tezi, sisi huku tunasema mbele na nyuma, na chombo kinakwenda vilevile.) Ubao huo ndio unaobeba uzito wa mashine na kusukumwa nayo mchana na usiku, hivyo haukuwa mmoja bali mbili zilizoshikamanishwa kwa bolti, si kwa misumari, maana mtikisiko huichomoa misumari pole pole kama jino bovu. Kwenye pembe tulitia matawi yaliyopinda yenyewe mfano wa kiwiko, ya mwarobaini uliokatwa nyumbani kwa baba yake shemeji, Butiama. Mzee alishangaa kuona tunachagua matawi yaliyopinda na kuacha yaliyonyooka. Fundi alimweleza kwamba mbao ikikatwa kwa msumeno ili ipinde, nyuzi zake zinakuwa zimekatika, na hapo ndipo itakapovunjika. Tawi lililopinda tangu kukua nyuzi zake ni nzima.

Kimo cha ubao huo nacho kina hesabu. Mashine za miguu mifupi hutaka kama inchi kumi na tano, za miguu mirefu ishirini. Ukikosea, rafadha itazungushia povu badala ya maji, utasikia kelele nyingi na safari hutaiona.

Kubandua mbao zilizooza, kuranda mpya, kupaka rangi: hayo yalichukua wiki nyingi na hayana hadithi. Kukalafati nakupenda, kwa hiyo nitakutaja. Pamba tuliinunua Bunda, ambako zao hilo limelimwa miaka na miaka. Ikasokotwa nyembamba, ikapigwa kwa tindo ndani ya nyufa, kisha ikafunikwa. Mchezo wake ni kwamba isipigwe ikajaa kupita kiasi. Mbao zikilowa huvimba, na ufa uliojazwa kwa nguvu huisukuma misumari itoke. Fundi wetu hupiga kwa sikio: nyundo ikibadili mlio, anaacha.

Vijana, wao walikuwa na haraka ya taa. Nchi nyingine, nimesoma, mwenye boti ndogo huivika majani na matete ili ajifiche akiwinda bata. Windo letu ni dagaa, na mvuvi wa dagaa hajifichi. Anawasha taa katika siku za giza, mwezi ukiwa haupo, na dagaa wanaufuata mwanga. Kwa miaka mingi taa ilikuwa karabai, inayonywa mafuta ya taa usiku kucha na kuzimika wimbi likiirukia. Siku hizi wengi wanatumia balbu ndogo za betri inayochajiwa kwa jua. Tulichukua hizo. Betri tuliifungia chini kabisa katikati, kwa maana kitu kizito kikiwekwa juu hukifanya chombo kiyumbe kama mlevi.

Sasa nirudi kwenye swali la shemeji. Mtumbwi wa mbao mtupu ukijaa maji hauzami, kwa kuwa mbao huelea. Ni mashine inayobadilisha mambo. Ya nguvu ya farasi kumi na tano ina uzito unaokaribia kilo arobaini, nao wote unaning'inia nyuma. Mtumbwi ukijaa, nyuma hushuka, mbele huinuka, na watu hung'ang'ania ncha inayoteleza. Dawa yake ni hewa iliyofungwa mahali isipoweza kutoka.

Hapa mtu wa Ziwa Victoria hawezi kuandika bila moyo kumwuma. Mv Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ilielea chini juu kwa muda, na ndani mlikuwa na watu walio hai katika hewa iliyobaki. Tundu lilitobolewa ili waokolewe. Hewa ikatoka, meli ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko Mv Nyerere kikapinduka kikikaribia Ukara, wakafa watu zaidi ya 200, na siku mbili baadaye fundi wa kivuko alitolewa mzima, alikuwa amejifungia ndani penye hewa. Wengi tulisikiliza habari hizo redioni. Mimi sijasikia mtu akizitumia kuunda mtumbwi, na sioni kwa nini isiwe hivyo.

Tulitafuta madumu sita ya lita ishirini, yale ya mafuta ya kula yaliyotapakaa kila soko. Dumu lililozibwa barabara, likizamishwa, linasukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo kumi na tisa ukiondoa uzito wake. Sita yanapita kilo mia moja na kumi: yanaibeba mashine, na nyingi zinabaki kwa ajili ya watu, maana mwili wa mtu majini ni mwepesi na unahitaji kilo chache tu kichwa kibaki juu. Manne yalikaa nyuma, mawili katikati. Fundi aliyaweka pembeni, chini ya mabao ya kukalia, nusu kila upande, hakuna hata moja kwenye mstari wa katikati. Hewa ikiwa pembeni mtumbwi uliojaa unatulia. Ikiwa katikati unazunguka kama gogo. Kila dumu lilifungwa kwa kamba na kubanwa kwa ubao juu yake, kwani siku ya shida halitaki kuanguka, linataka kupaa.

Majirani walicheka. Mmoja alisema tumeyapoteza madumu ya maji. Mwingine alituambia tusubiri boti za faiba, kama zile ambazo Rais Samia Suluhu Hassan alizikabidhi Mwanza Januari 2024 kwa mkopo. Boti hizo ni nzuri, sina ubishi nazo, ila mwenye njaa hasubiri foleni.

Kabla ya mashine kufungwa, tuliujaribu pwani, maji yakifika kifuani. Nyuma tulitundika mawe ya kilo sitini, kwa sababu jiwe likizama hupoteza uzito mwingi kuliko chuma, kisha tukaujaza maji kwa ndoo mpaka ukingoni. Ukashuka, ukasimama sawasawa, ukingo umechomoza kiasi cha vidole viwili. Vijana wanne wakaingia na kukaa ndani ya maji hayo. Ukatikisika, haukupinduka. Wakapiga makofi.

Shemeji alikuwa amesimama ufukoni na beseni lake la dagaa, hakupiga makofi. Alimwita mwanawe mdogo atoke, akamwambia, "Ushikilie kwa nje. Kwa mkono mmoja."

Kijana akajaribu. Mbao mpya ilikuwa imerandwa vizuri na kupakwa rangi, vidole vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza.

"Mmechoka, ni usiku, kuna baridi," shemeji akasema. "Hapo mtashika nini?"

Tukatafuta kamba ya wavu wa zamani, ile nene ya juu. Fundi akatoboa mashimo chini ya ukingo, pande zote mbili, na kamba ikapitishwa ikiwa imelegea, vitanzi vya kutosha mkono hadi kwenye kiwiko. Mafundo aliyafunga shemeji mwenyewe, akivuta kila kimoja kwa uzito wake wote kabla ya kuhamia kingine, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia.