Taa inawaka, lakini jua halimo (Sehemu ya 6)

Nilipoandika kuhusu matone ya vitamini D kwa watoto wetu huku Uingereza, mmoja wenu akaniuliza: "Dada nesi, kaka mtu anafuga mjusi, na mjusi ana taa yake ya jua. Si nimlaze mtoto mchanga hapohapo?"

Hapana, mama. Taa ile inaweza kumuunguza ngozi na macho. Mtoto anayenyonya mpe matone, mikrogramu 8.5 hadi 10 kwa siku. Halafu mijusi hubeba salmonela, kwa hiyo walio chini ya miaka 5 wasimshike kabisa, na wakubwa wanawe mikono kwa sabuni.

Ila na mjusi mwenyewe tumwangalie. Mwanangu wa miaka 10 anaye mmoja, wale wa Australia wenye ndevu za miiba. Tulipewa na jirani aliyekuwa anahama. Alikuja miguu inatetemeka, taya laini kama mpira. Nikasema moyoni, jamani, si matege haya! Daktari wa mifugo akathibitisha ni mifupa. Ni yaleyale ya wodini: ngozi isipopata miale ya UVB haitengenezi vitamini D3, na bila hiyo chakula kinapita tu na kalsiamu yake. Mwili unaanza kuichota kwenye mifupa.

Na taa ilikuwepo! Tena inawaka nyeupe pee. Shida ni kwamba UVB haionekani kwa macho. Tyubu ikizeeka mwanga unabaki, miale inakwisha. Ile ilikuwa na zaidi ya miaka 2, halafu imewekwa juu ya kifuniko cha kioo. Kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote. (Ndiyo maana kumwanika mtoto nyuma ya dirisha lililofungwa hakumpi vitamini D, hata jua liwake vipi.)

Tukanunua tyubu ya T5 ya asilimia 12, ndefu kupita nusu ya kizimba, tukaifunga ndani, kama sentimita 40 juu ya jiwe analootea joto. Wewe fuata karatasi ya tyubu yako, umbali unatofautiana. Ukiiweka juu ya wavu, wavu nao unakula miale, mara nyingi theluthi au zaidi. Upande wa pili tukaacha kivuli ajifiche akichoka, na usiku tunazima. Niliazima mita ya UVI, maana bei yake inatisha, ikasoma 4 pale jiweni. Kwa mjusi huyu, 3 hadi 5 inatosha.

Kwa taa hiyo na kalsiamu ya daktari, kutetemeka kuliisha baada ya wiki kadhaa. Taya limebaki limepinda mpaka leo.

Kama mnaye nyumbani, nenda kaangalie tyubu yenu iliwekwa lini. T5 nyingi hubadilishwa kila miezi 12. Yetu nimeiandika tarehe kwa kalamu pembeni. Hukumbuki ya kwenu? Badilisha tu.