Mahali Pasipofanana na Kule

Neno kambi limebeba mengi katika Kiswahili. Kuna kambi ya jeshi, kambi ya wavuvi, kambi ya vijana wa parokia wakati wa likizo, na kuna kambi ya wakimbizi. Mfaransa akikwambia anakwenda kambini, anamaanisha jambo moja tu: mapumziko. Anaona mbele yake hema, viti vya kukunja, jiko dogo la gesi na watoto wanaokimbia pekupeku kwenye nyasi. Desturi hiyo ilipata nguvu baada ya mwaka 1936, serikali ya Ufaransa ilipopitisha sheria ya wiki mbili za likizo yenye malipo. Familia za wafanyakazi zisizo na uwezo wa kulala hotelini zikaanza kwenda pwani na mashambani na mahema yao. Siku hizi likizo hiyo ni wiki tano, na kambi zimejaa nchi nzima.

Nilipofika Lyon kwa masomo niliyasikia hayo kama mgeni anavyosikia habari za mji. Nililazimika kuyafuatilia kwa makini mwaka ule padre mwenzangu alipochoka.

Yeye ni wa Kivu, mimi ni wa Kilimanjaro. Tuliishi nyumba moja ya mapadre, tukizungumza Kiswahili mezani, chake cha Kongo na changu cha Tanzania, tukichekana maneno. Siku za juma alikuwa akiandika tasnifu yake; Jumamosi na Dominika alisaidia parokiani. Usiku simu zililia kutoka nyumbani, ambako vita ilikuwa imerudi. Ilifika wakati akaacha kulala. Baadaye akaacha kula nasi. Jioni moja aliniambia kwamba anafikiri kumwandikia Askofu wake barua, na sikuuliza barua ya nini, kwa sababu uso wake ulikuwa umeshasema. Daktari alimpa agizo fupi: siku kumi nje ya mji, bila vitabu, na bila simu usiku.

Hatukuwa na fedha za kupanga nyumba. Familia moja ya parokiani ikatuazima gari na mahema mawili, nami nikapewa kazi ya kutafuta mahali. Nilipompelekea habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Padre, mimi hema nalijua. Nimezika watoto waliofia ndani ya mahema."

Alikuwa amehudumia watu waliokimbia makwao karibu na Goma, ambako mahema husimama safu kwa safu juu ya mawe meusi ya volkano.

"Basi tuache?" nikamuuliza.

"Hapana. Tafuta tu pahali pasipofanana na kule."

Najua baadhi ya wasomaji, hasa waseminari, watajiuliza kama ni halali padre kushughulika na mambo ya likizo wakati waamini wake wanateseka. Yeye mwenyewe alijiuliza hivyo kila siku. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zina jibu. Kanuni ya 283 inasema wazi kwamba wakleri wanastahili kila mwaka muda wa mapumziko unaofaa na unaotosha, na kanuni ya 533 inamruhusu paroko kuwa nje ya parokia yake kwa likizo hadi mwezi mmoja kwa mwaka. Kanisa halikuweka maneno hayo kwa ajili ya mapadre wavivu. Linajua kwamba mtu aliyekauka hana cha kumwagia wengine.

Nikaanza kutafuta. Jambo la kwanza nililojifunza ni maana ya nyota. Kambi za Ufaransa hupewa nyota kuanzia 1 hadi 5, na mgeni hudhani nyota nyingi ni dalili ya mahali pazuri zaidi. Lakini nyota hupima huduma: mabafu, mapokezi, mabwawa ya kuogelea, michezo. Hazipimi ukimya. Mara nyingi kambi yenye nyota nyingi ndiyo yenye muziki jioni, mashindano ya watoto na baa inayokesha. Tena hupangwa kwa viwanja vyenye namba, kimoja baada ya kingine, safu baada ya safu. Niliangalia picha zilizopigwa kutoka juu, nikaona safu zile, nikakumbuka maneno yake. Kambi kubwa zote nikaziweka kando.

Halafu nikafikiria mahali penyewe. Mabonde ya Ardèche yako karibu na Lyon na yanasifiwa sana, lakini kiangazi mto hujaa mitumbwi na barabara hujaa magari. Taizé ilinivuta zaidi. Ndugu Roger alifika katika kijiji kile mwaka 1940, na leo vijana wa nchi nyingi hulala pale katika mahema wakisali mara tatu kwa siku. Ni mahali patakatifu, na kuna vipindi vya kimya. Lakini ni kimya cha watu wengi, na padre akifika kati ya vijana hana budi kuwa padre: ataulizwa, atasikiliza, ataungamisha. Mwenzangu asingemkatalia mtu yeyote. Nikapima pia vijiji vya kandokando ya Cluny, penye abasia maarufu. Nilipofungua ramani nikaona reli ya treni za kasi kutoka Paris hadi Lyon, iliyofunguliwa mwaka 1981, ikikata mabonde yale yale.

Ramani ndiyo iliyonisaidia kuliko matangazo. Tangazo lolote litakwambia kwamba pahali ni patulivu. Ramani ya Ufaransa ya kipimo cha 1 kwa 25,000, ambapo sentimita 1 ni mita 250, haina sababu ya kukubembeleza. Inaonyesha barabara kuu, reli, machimbo ya mawe, nguzo za umeme, chanzo cha maji, msitu, kanisa. Nilichukua rula na kupima umbali wa kila kambi kutoka barabara ya malori. Kambi mbili zilizosifiwa kwa ukimya zilikuwa karibu nayo kiasi kwamba hukuhitaji rula.

Mwishowe macho yangu yakatua Brionnais, kusini mwa Burgundy, kama saa mbili kwa gari kutoka Lyon. Ni nchi ya vilima vya chini, malisho yaliyozungushiwa ua wa miti, ng'ombe weupe wa Charolais, na makanisa ya kale ya mawe ya njano, kama lile la Anzy-le-Duc. Paray-le-Monial haiko mbali, mji ambamo Mtakatifu Margareta Maria Alakoki alitokewa na Bwana na kuonyeshwa Moyo wake Mtakatifu kati ya mwaka 1673 na 1675. Njia ya malori inapita karibu na mji huo, kwa hiyo nikatafuta kusini zaidi, vijijini kabisa.

Huko nikakuta aina ya kambi ambayo wageni wengi hawaijui: kambi ya shambani. Sheria ya Ufaransa inamruhusu mwenye ardhi kupokea wageni wachache kwa kutoa taarifa kwa ofisi ya meya, mradi wasizidi 20 na makazi yao yasizidi 6. Mahema sita hayawezi kuwa safu ndefu. Yatatawanyika chini ya miti, kila moja kwenye kivuli chake.

Nikapiga simu. Aliyepokea alikuwa mama mmoja mwenye shamba, sauti nzito, maneno machache. Nilimweleza kwamba tuko mapadre wawili na mmoja anahitaji kulala. Nikamuuliza kuna kelele gani. Nilipenda namna alivyonijibu, kwa sababu hakusema hakuna. Alisema kengele ya kanisa hugonga saa, mchana na usiku. Alisema jogoo ana tabia mbaya. Alisema wakati wa kuwaachisha ndama kunyonya, mama zao hulia usiku mbili au tatu mfululizo, kwa hiyo tusije wiki hiyo. Tuje mwanzoni mwa Septemba, watoto wakiwa wamesharudi shuleni na ndama wakiwa bado na mama zao.

Sauti hizo Wafaransa wenyewe wamebishania. Watu wa mijini walihamia vijijini wakitafuta ukimya, kisha wakashitaki majogoo na kengele. Mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ilisikiliza kesi ya jogoo aitwaye Maurice, wa kisiwa cha Oléron, ikampa haki ya kuendelea kuwika. Januari 2021 ikapitishwa sheria inayotambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa nchi. Nilipoisoma habari hiyo nilielewa nilichokuwa nikikitafuta. Sikuhitaji mahali pasipo na sauti. Nilihitaji mahali ambapo mtu akisikia sauti usiku, anajua ni ya nini, na anajua haimtafuti yeye.

Kwa mwenzangu hilo lilikuwa jambo kubwa. Kule alikotoka, ukimya wa usiku haukuwa habari njema. Watu wakinyamaza na mbwa wakinyamaza, mtu huanza kuvaa viatu. Kama ningemtafutia msitu mtupu, mbali na kila nyumba, angekaa macho akisikiliza. Hata Wakartusi wa Mtakatifu Bruno, walioingia milima ya Chartreuse mwaka 1084 na wanaoishi kila mmoja katika chumba chake, hutoka mara moja kwa juma kutembea pamoja na kuzungumza. Upweke wao una jirani ndani yake.

Tukaenda. Mama yule alituonyesha bomba la maji, choo, mahali pa kununua mkate, na miti ya mialoni mikubwa mwishoni mwa malisho. Mahema mengine yalikuwa mawili tu, ya wazee waliotusalimu kwa mkono kutoka mbali. Ilitokea pia kwamba yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa kanisa la kijiji, kwa maana huko padre mmoja huhudumia vijiji vingi, na makanisa mengi hupata Misa mara chache. Nilimpigia paroko, nikamtumia nakala za selebreti zetu, naye akafurahi. Kila asubuhi tuliadhimisha Misa pale, sisi wawili na mama yule, na siku ya tatu wakaja wanawake wengine wanne waliosikia kengele ikilia saa isiyo ya kawaida.

Usiku wa kwanza mwenzangu hakulala. Nilimsikia akitoka, akizunguka hema, akirudi. Usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu nilisikia kengele ikigonga saa saba, kisha saa nane, na katika hema lake kulikuwa na kukoroma. Asubuhi aliamka jua limeshapanda. Akala mkate wote uliokuwapo, akaniomba twende kununua mwingine.

Nilimkumbuka nabii Eliya, aliyekimbilia jangwani akaketi chini ya mti na kuomba afe. Tunapohubiri habari ile huwa tunakimbilia Horebu, kwenye sauti ndogo ya upole. Lakini kabla ya Horebu malaika hakumpa Eliya mafundisho wala maonyo. Alimwamsha, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Safari ya siku arobaini ilifuata baadaye. Mungu hakumuuliza nabii aliyechoka anafanya nini pale mpaka alipokuwa amelala na kushiba.

Siku ya nane mwenzangu aliniambia juu ya ile barua. Aliiandika pale pale, kwenye meza ya mbao ya mama mwenye shamba, lakini haikuwa ile aliyoifikiria Lyon. Alimweleza Askofu wake hali yake bila kuficha, akaomba mwaka mmoja zaidi wa masomo, na ruhusa ya kupumzika na huduma za Dominika kwa miezi mitatu. Askofu alikubali. Simu za nyumbani hazikukoma, na vita haikukoma. Bado kuna usiku anaoamka. Lakini ni padre, na tasnifu yake inaendelea.

Ninyi mnaojiandaa kwa upadre, siku moja mtakabidhiwa mtu aliyechoka: padre mwenzenu, katekista, mtawa, mama wa familia. Pengine hatahitaji hema wala Ufaransa. Kwetu kuna nyumba za masista, kuna mashamba ya ndugu, kuna vijiji vya bibi zetu. Kabla hamjamchagulia mahali, mwulizeni kwanza ni mahali gani anapapaogopa. Chukueni ramani na mpime. Pigeni simu, mwulize kelele zilizopo. Hakikisheni kuna mkate karibu, kuna Misa, na kuna jirani mmoja mwenye maneno machache. Kisha mwacheni alale.